Pima treni kabla ya kukata ubao

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wasomaji wanaotaka kujenga reli ya mfano ya Kijapani nyumbani, lakini nafasi waliyo nayo ni kona ya chumba au upande mmoja wa meza. Kazi hii huharibika kwenye karatasi, kabla kipande cha kwanza cha reli hakijanunuliwa. Mtu huchora njia akiutazama ubao wake, na treni yenyewe hajaipima. Ikifika siku ya kuunganisha, stesheni haiingii, au treni inaingia na mkia wake unabaki kwenye kona.

Nianze na vipimo, maana hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Treni ndogo zinazopendwa zaidi Japani ni za aina ya N, zinazopita juu ya reli yenye upana wa milimita 9. Reli za kawaida za Japani zina upana wa milimita 1,067, sawasawa na TAZARA, kwa hiyo aliyewahi kusafiri kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi amekwisha kupita juu ya kipimo hicho. Shinkansen, treni ya mwendo kasi ya Japani, yenyewe inatumia milimita 1,435, kipimo cha SGR. Watengenezaji wa Kijapani hupunguza treni za kawaida mara 150 na shinkansen mara 160, na zote zinawekwa juu ya reli ileile ya milimita 9. Ukikuza milimita 9 mara 160 unapata 1,440, karibu kabisa na ukweli. Ukikuza mara 150 unapata 1,350, yaani chini ya treni ya kawaida reli ni pana kuliko inavyostahili. Jicho huzoea haraka. Kubwa la kukumbuka ni kwamba nyumba, magari, nguzo na watu vyote viwe vya 1 kwa 150. Nyumba za Kimarekani na za Ulaya bara za 1 kwa 160 zikisimama karibu na stesheni ya Kijapani zinaonekana zimenywea.

Sasa pima treni. Behewa la kawaida la mita 20 huwa milimita 133. Behewa la shinkansen la mita 25 huwa milimita 156. Shinkansen kamili ya njia ya Tokaido, kati ya Tokyo na Osaka, ina mabehewa 16 na urefu wa mita 400 na ushee, hivyo kwa kipimo cha 160 inafika mita mbili na nusu. Chukua ubao wa sentimita 60 kwa 120, ambao wengi huanza nao. Weka kona za nusukipenyo cha milimita 249 na nyoofu za milimita 558 kila upande. Mzingo wote ni mita 2.68. Shinkansen ya mabehewa 16 ikikaa humo, pua yake inaufuata mkia kwa sentimita 15 tu. Haiendi popote, inajizunguka yenyewe. Isitoshe, kwa mabehewa hayo marefu kisanduku mara nyingi huonya kwamba kona isiwe chini ya milimita 282 au 315, kwa hiyo ile ya 249 haifai hata kwa mabehewa matatu.

Kwa nafasi ndogo, ushauri wangu wa dhati ni njia moja ya kijijini na treni ya behewa moja au mawili. Huko vijijini Japani treni za namna hiyo ndizo za kila siku, na nyingi dereva anakuwa peke yake bila kondakta. Kiha 40, treni ya dizeli iliyojengwa kati ya 1977 na 1982, ina chumba cha dereva pande zote mbili, hivyo behewa moja linakwenda na kurudi bila kuhamisha kichwa. Kila behewa ni milimita 142, na mawili yakifungwa pamoja ni kama 290. Ukishaijua namba hiyo, jukwaa lina urefu wa 310, na mengine yote yanafuata.

Anayependa mji naye ana njia. Zipo kona ndogo za nusukipenyo cha milimita 103, 117 na 140 kwa ajili ya tramu na treni fupi. Duara la 103 linachukua upana wa milimita 225 hivi, linakaa juu ya karatasi ya A3 na nafasi ikabaki. Enoden, ile njia moja ya kilomita 10 kati ya Fujisawa na Kamakura inayopita katikati ya nyumba, ni mfano mzuri wa kuiga. Ila soma kisanduku cha treni kwanza, kwa sababu si kila treni fupi inakubali kona ya 103.

Turudi kwenye stesheni ya kijijini, maana hapa ndipo hesabu inapowashinda watu. Kila mtu anataka njia ya kupishana, treni mbili zisimame ubavu kwa ubavu. Kwenye penseli, pointi, yaani kile kipande kinachoigawa njia mbili, inaonekana kitu kidogo. Pointi ndefu ya Kato, kampuni ya Kijapani ya treni ndogo, yenye tawi la nusukipenyo cha 718 inachukua milimita 186 kwa urefu. Tawi likishatoka kwa nyuzi 15, unahitaji kona nyingine ya 718 kulirudisha sambamba, nayo inakula 186 tena. Kila ncha ya stesheni kwa hiyo inameza 372. Ncha mbili ni 744, ongeza jukwaa la 310, jumla ni milimita 1,054. Ubao wa sentimita 120 hauwezi kuibeba, kwa sababu kona mbili za 249 pamoja na tuta, yaani kitako cha plastiki kinachobeba reli, zinachukua 523 nyingine. Ukitumia pointi fupi yenye tawi la 481, ncha moja inakuwa 249, stesheni nzima 808, na bado haiingii kwenye nyoofu ya 558. Mwenye ubao wa 120 aridhike na jukwaa moja na njia fupi ya pembeni yenye pointi moja. Au arefushe ubao.

Kurefusha ndiko kunakonipendeza zaidi. Tengeneza mbao mbili za sentimita 60 kwa 90, kila moja peke yake, uziunganishe kwa bolti ziwe mita 1.8. Zikifunguliwa zinasimama nyuma ya kabati. Juu weka plaiwudi ya milimita 9, chini fremu ya mbao za inchi mbili kwa moja. Wakazi wa pwani wasisahau kupaka vanishi au rangi pande zote mbili za plaiwudi pamoja na kingo zake. Upande ulioachwa wazi hunywa unyevu, ubao hupinda, na reli iliyokuwa sawa Januari inakuwa na nundu ifikapo masika.

Kwa ubao huo vipande vinaingiana kama vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Kona za 249 ni nane, kila moja nyuzi 45. Nyuma, nyoofu ya 1,054 ni vipande vinne vya 248 na kimoja cha 62 katikati. Mbele, kati ya pointi mbili, njia kuu ni 248, 62, 62, 62, 248. Njia ya kupishana ni kona ya 718, kisha 124, 62, 124, kisha kona ya 718 nyingine. Pointi ni mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia. Tazama mahali zilipo zile 62 za katikati: zote tatu zinakaa juu ya kiungo cha mbao mbili. Ukitaka kuhifadhi, unazitoa hizo tatu, unafungua bolti, umemaliza. Usiruhusu pointi wala kona ikalia kiungo hicho.

Njia ya kupishana iingie ndani ya mzunguko, isitoke nje. Ikiwa ndani, kona ya mwisho wa mzunguko na tawi la pointi vinapinda upande mmoja, na treni inateleza. Ikiwa nje, treni inatoka kwenye kona ya kushoto na papo hapo inapindishwa kulia. Mabehewa yanavutana kwenye viunganishi, na lile jepesi linaacha njia. Pakilazimika kuwa na kona mbili kali zinazopingana, weka nyoofu ya angalau 124 katikati.

Kwa mpangilio huu njia mbili za stesheni zinaachana kwa milimita 49, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Tuta la reli lina upana wa 25, kwa hiyo panabaki 24 katikati. Hapo panaingia jukwaa la kisiwa, jembamba, ambalo kwa ukubwa halisi ni mita 3 na sentimita 60. Hiyo ni sura ya kweli ya stesheni ndogo ya Kijapani. Majukwaa mengi ya dukani ni mapana kuliko nafasi hiyo, hivyo likate mwenyewe kwa plastiki au mbao laini. Uso wake uwe juu ya kichwa cha reli kwa milimita 5 au 6, ambayo ni sentimita 75 hadi 90 za kweli. Abiria wanalifikia kwa kuvuka reli kwenye ncha ya jukwaa, mahali palipowekwa mbao katikati ya reli. Kivuko hicho kidogo kinaipa stesheni uhai kuliko daraja la waenda kwa miguu, na hakichukui nafasi. Treni mbili zikikutana, kila moja ishike kushoto kwake, kama magari yetu barabarani.

Jukwaa lisigeuke na kona. Behewa lina urefu, na likiwa kwenye kona katikati yake hulalia ndani na ncha zake hutoka nje. Kwa behewa la mita 20 kwenye kona ya 249, katikati hulala kama milimita 4.2 na ncha hutoka 4.6. Nusu ya upana wa behewa ni 10. Kwa hiyo kwenye kona hiyo usisimamishe nguzo, ukuta wala mlango wa handaki karibu zaidi ya milimita 18 kutoka katikati ya reli. Kata kadibodi yenye umbo la behewa refu kuliko yote uliyo nayo, ulizungushe kwa mkono kabla ya kubandika chochote. Ukuta wa handaki ndio unaosahaulika zaidi, na treni hukwama gizani.

Umeme sasa, na hapa naomba wasomaji wa Afrika Mashariki wasikilize kwa makini. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230 hadi 240. Kidhibiti mwendo kilichonunuliwa Japani, au kilicholetwa na ndugu aliyeko huko, kikiwa na adapta iliyoandikwa volti 100 peke yake, kitaungua mara tu kikichomekwa ukutani. Geuza adapta usome. Ikiwa imeandikwa 100 hadi 240, unahitaji plagi tu. Ikiwa ni 100 peke yake, tafuta transfoma ya kushusha, au adapta nyingine yenye volti zilezile za kutoka, yenye uwezo usiopungua wa ile ya awali, na chanya na hasi zikae palepale. Reli yenyewe hupokea mkondo mnyoofu usiozidi volti 12, kwa hiyo hata ukiigusa kwa vidole haina hatari.

Pointi ndefu niliyoitaja hupeleka umeme kwenye njia iliyogeukia tu. Ni neema kubwa: treni iliyoko njia ya kupishana inasubiri kimya wakati nyingine inazunguka, na kidhibiti ni kimoja. Lakini neema hiyo ina mtego. Pointi ya magharibi ikigeuzwa kwenda njia ya kwanza na ya mashariki ikabaki njia ya pili, reli za ndani za stesheni zinapokea chanya kutoka ncha moja na hasi kutoka ncha nyingine. Hiyo ni shoti, treni zote zinasimama, na mtu anaanza kufungua vipande visivyo na kosa. Dawa yake ni viungio viwili vya plastiki visivyopitisha umeme. Viweke kwenye reli mbili za ndani, zile zinazotokea pale njia zinapokatana ndani ya pointi, na kwenye ncha moja tu ya stesheni. Ukivitia ncha zote mbili, umeikatia stesheni umeme kabisa. Tukisema umevitia mashariki, basi pointi ya magharibi ndiyo itakayoamua njia ipi ina umeme.

Kwa mzunguko wa mita 3.67, ingiza umeme mahali pawili, ukitumia viungio vyenye waya: kimoja nje ya pointi ya magharibi, cha pili katikati ya nyuma. Waya wa bluu ukae reli ya nje pande zote mbili, mweupe ndani. Ukiubadilisha mmoja umejitengenezea shoti nyingine.

Vilima vinavyopandana juu ya reli nyingine viachwe. Ili njia moja ipite juu ya nyingine inatakiwa kupanda kama milimita 50. Kwa mpando wa sentimita 4 kwa kila mita, ambao tayari ni mkali, unahitaji mita moja na robo kupanda na nyingine kama hiyo kushuka. Toa stesheni, ambayo lazima iwe tambarare, na mzunguko umekwisha. Tena katika treni ya mabehewa mawili kwa kawaida mota iko kwenye behewa moja tu. Badala ya kuinua reli, shusha ardhi. Laza foamu ngumu ya milimita 25 juu ya plaiwudi yote, reli ikae juu yake, kisha chimba mto chini ya daraja la 186 kwenye nyoofu ya nyuma, kabla ya kiungo, daraja na kipande cha 62 vikishika nafasi ya 248 moja. Treni inapita juu ya maji na haijapanda hata milimita moja.

Nyuma ya ubao weka mlima wenye misitu ya mierezi ya Kijapani, ile inayoitwa sugi, uinuke ghafla kama inavyoinuka kule, na nusu ya njia ya nyuma iingie kwenye handaki. Mzunguko ukifichwa, jicho linaamini treni imekwenda mbali. Acha tundu upande wa nyuma, upana wa sentimita 12 na kimo cha 7, mkono uingie kuokoa behewa. Ndani ya handaki pasiwe na pointi.

Mashamba ya mpunga yanahitaji ujanja. Shamba la kisasa la Kijapani huwa mita 30 kwa 100, na kwa kipimo chetu ni sentimita 20 kwa 67, linameza robo nzima ya ubao mmoja wa 60 kwa 90. Iga mashamba ya ngazi ya milimani, tanada, ambayo ni madogo na yamepinda kufuata mwinuko. Yakate kwenye foamu kwa hatua za milimita 4 au 5, kingo zake zipakwe kijani, ndani kahawia nyeusi, kisha vanishi ya kung'aa mara tatu nyembamba. Mara moja nzito hubaki na mawimbi na mapovu. Barabara ya kijiji iwe na upana wa milimita 27. Nguzo za umeme za zege zisimame kila sentimita 20. Mashine ya kuuzia vinywaji kando ya stesheni ni milimita 12 kwa kimo, nyeupe au nyekundu. Kwenye kivuko cha barabara weka vizuizi vya njano na nyeusi. Rangi za majani zipunguzwe ukali kwa kuchanganya kahawia kidogo, kwa kuwa kijani kibichi cha kopo hufanya kijiji kiwe kama kichezeo.

Kabla ya gundi, endesha. Nusu saa taratibu, nusu saa kwa kasi, mbele, kisha kinyume behewa lisilo na mota likisukumwa. Treni ikiacha njia mahali palepale mara mbili, pitisha kidole juu ya reli. Mara nyingi utakuta reli imepanda juu ya kiungio badala ya kuingia ndani yake. Ikiwa ni kwenye pointi, tazama ncha za ulimi wake, zile reli nyembamba zinazosogea, kama zimelala kabisa kwenye reli ya pembeni. Uzi mmoja wa nyasi bandia unatosha kuziinua. Reli zisafishwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti kidogo, msasa usiguse kabisa, kwa sababu mikwaruzo yake inashika uchafu haraka kuliko mwanzo.

Mpenda reli,
Dar es Salaam